Nani Mkubwa wa Kiota?

Mliniacha nimesimama nje ya karakana yangu mwenyewe pale Gitega, funguo mkononi, na kufuli la mlangoni si langu.

Kwa anayenikuta njiani leo: mimi ni Adventina, mhandisi. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi kwetu Butihinda na wazazi wangu nikiwa msichana mkubwa, nikasomea umeme kwa taabu ambazo nimeshazisimulia. Mashine ya kutotolea vifaranga iitwayo Kiota niliibuni mimi, kwa mikono hii. Ignace, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akiuza redio na betri sokoni Gitega, ndiye aliyetutafutia wateja. Baba mdogo Zakaria alitoa nyumba yake ya Muyinga iwe ghala. Kampuni ya watu watatu, na mkuu nilikuwa mimi.

Nilikuwa. Halafu mayai yakaoza ndani ya mashine zetu Giteranyi, kilima kizima, maana kwetu kijiji huitwa kilima, na simu za matusi zikaanza kuingia. Ignace akasema kosa ni la fundi. Tukapiga kura, na baba mdogo, damu yangu, mtu aliyenibeba mgongoni, akanyoosha mkono upande wa Ignace.

"Kujua kutengeneza si kujua kuongoza, mwanangu," akaniambia. "Kampuni inataka mtu wa biashara."

Kesho yake Ignace akabadilisha kufuli. Kompyuta yangu, yenye programu zote za kuendeshea mashine, ikabaki ndani. Nje akapigilia kibao cha shaba: DIRECTEUR GÉNÉRAL, yaani mkurugenzi mkuu. Kibao kinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu.

Nilidhani hapo ndipo hasira yangu ilipofika mwisho. Kumbe ilikuwa inajifunza kutambaa.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, alinipigia simu yeye mwenyewe.

"Madame ingénieur, tunaenda Giteranyi. Mi na we."

"Nikafanye nini? Mkuu ni wewe."

"Donc? Mkuu hashikangi tournevis, ile bisibisi. Bamama ya kule banasema hawatachukua tena mashine yetu, na banaambia Muyinga yote. We utafungua, utaona yenye iliharibika, utaomba pardon. Mi nitaongea na watu."

"Niombe radhi mimi?"

"Mashine ni ya nani?"

Nikamkatia simu. Nikatembea chumbani kama kuku aliyepokonywa vifaranga, nikamtukana peke yangu kwa lugha tatu. Kisha simu ikaita tena. Safari hii ni baba mdogo.

"Nenda naye," akasema. "Ukikuta kosa ni la vipuri alivyonunua Ignace, kiti kinarudi kwako, nami nitakuomba msamaha mbele ya watu. Ukikuta kosa ni la mchoro wako, Adventina, kiti hicho usikitaje tena."

Hapo nikafunga begi la vifaa.

Nilikuwa na hakika, wasomaji. Niliapa kabisa. Mtu aliyezoea kuuza betri zinazokufa kabla hujafika nyumbani atashindwaje kununua injini feki? Nilijiona tayari nimerudi mezani kwangu, na kile kibao nimekigeuza kifuniko cha sufuria.

Mafuta ya gari ni adimu, mnajua hali yetu. Tulifika Muyinga kwa bidoni moja, dumu ambalo Ignace alilipata sijui wapi, na hapo gari likafa kwa kiu. Kwenda Giteranyi tukapanda baiskeli, kila mmoja na mwendeshaji wake. Mkurugenzi mkuu alikaa kwenye keria na suti yake ya kijivu, viatu vyenye ncha vimenyooka mbele, matope yanamrukia. Sikucheka kwa sauti. Moyoni nilicheka mpaka Kobero, kule mpakani.

Tulipokaribia kilima tukapisha ingobyi, ile machela ya kienyeji ambayo wanaume hubebea wagonjwa mabegani. Ilikuwa inatoka upande wa hospitali, haiendi. Juu yake alilala mzee aliyefunikwa blanketi hadi kidevuni. Waendesha baiskeli wetu wakashuka, wakavua kofia.

"Mzee Yakobo," mmoja akasema kwa sauti ya chini. "Wanamurudisha nyumbani."

Ignace alikuwa anatazama saa. Mimi nilikuwa nafuta tope kwenye begi langu la vifaa.

Mama Martha, kiongozi wa kikundi cha wenye mashine, alitupokea uani kwake. Mama wa makamo, mrefu, khanga moja kiunoni na nyingine begani. Wenzake walikuwa wameshakaa kwenye mikeka. Hakuna aliyetuletea kiti. Kwetu mgeni asipoletewa kiti, ameshaambiwa kila kitu.

"Amahoro, bamama," Ignace akaanza, meno yote nje. "Tumekuja kuwasikiliza. Kwa Kiota, mteja njo mfalme."

"Mfalme gani anakula mayai ya kuoza?" Mama Martha akamjibu.

Meno yakarudi ndani.

Nikaomba kuona mashine. Ya Mama Martha ilikuwa chumba cha nyuma, safi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani yalikuwamo mayai mapya, yale Ignace aliyowapelekea bure ili kuwapoza baada ya hasara ya kwanza. Nikayamulika. Vifaranga walikuwa wameshajaa, wanacheza humo ndani, wamebakiza siku chache watoke.

"Nyumba zote ni hivi?" nikauliza.

"Zote. Kwangu, kwa Efrazia, kwa Sebastiani, mpaka kwa mzee Yakobo pale juu. Mutoto wa shule akiona kuku, anaona kalamu. Hii ikioza tena, mi sitakuwa na uso wa kupita njiani. Mi ndiye niliwaambia wachukue."

Nikafungua ubavu wa mashine. Nikaanza na injini ya kugeuzia mayai. Halali. Feni, halali. Kipasha joto, halali, cha daraja la juu kuliko kile nilichoagiza. Nikapima tena. Nikatafuta kosa la Ignace kama mtu anayetafuta shilingi aliyoangusha mchangani, na sikuliona.

Nawaambieni ukweli, nilimchukia zaidi kwa kutokuwa mwizi.

Zikabaki kumbukumbu za mashine. Kuna vitufe viwili ukivibana pamoja, kioo kidogo kinakuonyesha yaliyopita. Nikabana. Maandishi yakatokea: IMEZIMWA KWA MKONO.

Niliruka kama niliyeumwa na siafu. Nikatoka uani mbio.

"Mlizima wenyewe!" nikapiga kelele. "Mashine haina kosa! Mmeizima kwa mikono yenu, mayai yakapata baridi, kisha mnatutukana kwenye simu! Mmenipokonya kampuni yangu bure!"

Nilikuwa nimemfokea mama wa umri wa mama yangu, nyumbani kwake.

Mama Martha hakunyanyuka.

"Ego, ndiyo," akasema. "Tulizima. We uliuliza kwa nini, ama hukuuliza?"

"Kwa nini?"

"Tulifiwa. Muke wa Sebastiani alifariki. Kilima kikifiwa, jembe hatushiki, redio tunafunga, watu wanakaa chini, wananyamaza mpaka maiti izikwe. Tulikuwa kwa Sebastiani, chumba imejaa watu, mulango iko wazi, mutu akasukuma mashine yenu pembeni. Ikaona baridi. Ikaanza. Pii! Pii! Pii! Katekista akakata sala. Watu wakafikiri ni simu, wakaanza kupapasana mifuko, maiti iko hapo katikati. Sebastiani mwenyewe akatoka analia, anauliza nani anamuchekelea muke wake."

Mwanamke mmoja akafuta macho kwa pembe ya khanga.

"Tukatafuta pa kuifunga mudomo. Hakuna. Tukaizima. Na nyumba zingine zote wakazima zao, ili aibu kama ile isirudie. Mpaka tulipomaliza kuzika na kunawa mikono, mayai yalikuwa mawe."

"Bon," Ignace akasema kwa haraka, "hamukufikiri kukata tu ile waya ya kengele?"

"Kwa Efrazia walikata. Mashine yote ikakufa, mpaka walipounga waya tena."

Ignace akageuza shingo polepole akaniangalia.

Hilo ni langu. Kengele za kwanza tulizotengeneza zilikuwa ziking'olewa zinafungwa kwenye baiskeli. Nilimwona mtu Giheta kwa macho yangu, anashuka mtelemko analiza kengele ya Kiota, watu wanampisha. Nikakasirika. Nikachora upya: ukikata waya wa kengele, mashine nzima inazima. Nililala usingizi mtamu siku ile. Niliwaambia watu wote kwamba hapo wezi wameshindwa.

"Uliona?" Ignace akasema. "Njo shida ya kuweka fundi juu. Anatengenezea kichwa yake. Haulizi mama kwake kunakuwaka nini."

"Na nani alitaka kengele ya kuamsha wafu?" nikamrudishia. "Mimi niliweka ndogo! Mlio kama wa panya! Wewe ndiye uliyekuja na honi ya pikipiki!"

"Juu ya soko! Ile kelele iko inauzisha! Watu banasikia, banakuja kuona!"

"Ndiyo shida ya kuweka mchuuzi juu. Aliuza kelele, akasahau kwamba kuna mtu atalala nayo chumba kimoja!"

"Mchuuzi?"

"Mchuuzi wa betri!"

"Bila mchuuzi, madame, Kiota iko ingali juu ya meza yako mpaka leo! Mwaka muzima unapima, unafungua, unapima. Hata kifaranga moja hakingetoka Gitega. Mi nilitembea hizi vilima na miguu yangu!"

"Ukatembea na hukuona hata msiba mmoja?"

"Na we uko mutoto wa hapa hapa Muyinga! We njo ulipaswa kujua!"

Hilo lilinigonga mahali pake, na kwa sababu lilinigonga ndiyo maana nikapaza sauti zaidi. Nikamwita mwizi wa kiti. Akaniita kichwa nguvu. Tukawa tunapigiana vidole puani, mwenye suti na mwenye bisibisi, mbele ya wanawake ambao mayai yao yalikuwa yameshaoza mara moja.

Mama Martha akapiga makofi mawili.

"Inatosha. Muko munagombania kiti, na kiti chenyewe kiko juu ya mayai yetu." Akasimama. Alikuwa mrefu kutushinda sote. "Mi sitaki kujua nani fundi, nani muuzaji. Nauliza neno moja. Kwenu mukubwa ni nani? Yule nikimuambia kitu, kinafanyika. Ni nani?"

Nikasubiri kumsikia. Mtu aliyepigilia kibao cha shaba, aliyetengeneza kadi zenye jina lake la dhahabu, aliyemwambia hata mlinzi amwite Monsieur le Directeur. Nikakunja mikono kifuani. Sema basi, baba. Jivune sasa.

Ignace akakohoa. Akawatazama wale wanawake, mkeka kwa mkeka. Kisha akaninyooshea mkono kwa heshima kubwa, kiganja juu, kama anayemkaribisha bibi harusi.

"Mukubwa ni huyu. Dada Adventina. Njo mwenye mashine, mwenye kampuni. Mi niko muuzaji tu."

Wasomaji, nimewahi kukasirika. Nilikasirika vitani walipoichoma nyumba yetu, nilikasirika kambini mgao ulipokatwa, nilikasirika kufuli lilipobadilishwa. Hasira zile zote ukizikusanya hazijai kikombe. Kiti nilichokililia, nilichonyimwa na damu yangu, mwanamume huyu alikuwa ananirudishia siku ambayo kimeshika moto, na anatabasamu.

"Ni kweli?" Mama Martha akaniuliza. "We ndiye mukubwa?"

Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa hapa, ulimini. Ningesema hapana, muulizeni mwenye kibao, na lawama yote ingemlalia, na haki ingekuwa upande wangu. Lakini baada ya hapana hiyo ningerudi Gitega kuomba nini? Mtu anayekuwa mkuu siku za sifa tu, nilikuwa nimesimama naye hapo pembeni, na viatu vyake vya ncha.

"Ni mimi," nikasema.

Ignace akashusha pumzi. Nilimsikia.

"Unasema Kiswahili ya Tanzania," Mama Martha akaendelea, ananisogelea. "Baba yako aliacha kilima gani alipokimbia?"

"Butihinda, mama."

"Butihinda." Akatikisa kichwa. "Basi we si mugeni. Mugeni tungemusamehe."

Afadhali angenipiga kofi.

Nikapiga goti moja, nikaomba radhi, kwanza kwa kumfokea, kisha kwa msiba wa Sebastiani. Nikamwambia dawa ipo, na ni kazi ndogo: ninyamazishe kengele bila kuzima mashine. Nikiwa na kompyuta yangu, kila nyumba ni dakika chache tu.

"Basi itoe," akasema.

Nikamtazama Ignace. Ignace akatazama viatu vyake.

"Iko wapi?" Mama Martha akauliza.

"Iko Gitega, mama. Imefungiwa."

"Nani amefungia?"

Ignace akatia mkono mfukoni mwa koti, pale ufunguo ulipo, akauacha humo humo. Na mimi nilikuwa nimeshatamka mbele ya wote kwamba mkubwa ni mimi. Mkubwa gani huyo, hana ufunguo wa mlango wake?

Sikupata nafasi ya kujibu.

Sauti ilitoka juu, kwa mzee Yakobo. Ya mwanamke mmoja kwanza, ndefu. Kisha za wengi.

Wanawake wote wakainuka pamoja. Aliyekuwa anapepeta maharage akaweka ungo chini. Kule shambani niliona watu wawili wanalaza majembe palepale walipofika. Redio ya jirani, ambayo hata sikuwa nimeitambua kwamba inaimba, ikakatwa.

Ignace akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye baiskeli. "Twende," akamnong'oneza mwendeshaji wake. "Twende, nitakuongeza."

Kijana wa watu alikuwa ameshailaza baiskeli kwenye nyasi na amekaa chini kando yake, kofia magotini.

"Leo hakuna mutu anaenda, mzee," akamjibu.

Mama Martha alijifunga khanga ya pili kiunoni. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniogopesha. Wenzake walikuwa wamesimama njia panda ya uani, nusu wanaelekea msibani, nusu wanatazama nyumba zao, ambako kila moja ina mashine, na kila mashine ina vifaranga wanaocheza ndani ya maganda.

"Mukubwa," akaniita. "Umesikia. Kilima kimefiwa. Tukiziacha, zitatuaibisha mbele ya mzee Yakobo. Tukizima, ni mara ya pili, na hakutakuwa ya tatu. Mi nimeshawaambia watu nitafanya vile mukubwa atasema. Tuzime ama tuache?"

Begi langu lilikuwa na bisibisi, kipimo cha umeme na koleo. Katika vyote vitatu hakuna hata kimoja cha kunisaidia. Nilihakikisha hivyo mwenyewe, mwaka jana, mezani kwangu, nikiwa na furaha tele.

Nikafungua mdomo.

Juu kule, wanaume walikuwa wanatoa vitu nje ili wapate nafasi ya kumlaza mzee. Niliona stuli ikitoka, kisha meza, kisha wawili wakatoka wamebeba kisanduku cheupe na betri yake, kisanduku ninachokifahamu kuliko uso wangu, wakakiweka nje penye upepo.

Pii, ikalia. Pii. Pii.

Kilio cha wafiwa kikakatika, na kilima chote kikageuka kunitazama mimi.